Mali ya Mzee: Yake Akiwa Hai, Si Yake Akisha Kufa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuruzuku na mwenye kurithi ardhi na vilivyo juu yake. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, yajulikane kwamba mtu akisha kushika uzee na kuacha kazi, mali yake huwa na zama mbili. Zama ya kwanza ni ya uhai wake. Mali ni milki yake, naye ameamriwa ajitunze nayo, alipe madeni yake, na awakimu walio juu yake. Zama ya pili ni baada ya mauti. Hapo mali imekwisha kutoka mkononi mwake, na Mwenyezi Mungu ameigawa mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa, wala hakumwachia mtu amri ila katika thuluthi yake. Madhara yote yaonekanayo katika nyumba za Waislamu wa pwani, ya ndugu kutosemezana na wajane kutolewa majumbani, asili yake ni kuzichanganya zama hizi mbili: mtu huigawa mali akiwa hai kana kwamba amekwisha kufa, kisha hutaka kuiamrisha baada ya kufa kana kwamba yu hai.

Na aangaliwe mtu mmoja, ambaye mfano wake hauna mtaa usio naye. Alifanya kazi katika bandari ya Mombasa tangu ujana wake hata akatimiza miaka 60, akapewa kiinua mgongo chake kwa mara moja, fedha ambazo hakupata kuzishika maisha yake yote. Alikuwa na mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti watatu, na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yeye akikaa katika vinne na kupangisha viwili. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi haikuwa yake. Kila mwezi akimlipa kodi mwenye ardhi, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za mji ule.

Zilipomfikia fedha, mwanawe wa pili alimjia akamwambia, "Baba, nipe mtaji nifungue duka, faida itakulisha wewe na mama." Mzee akampa karibu zote, pasi na hati wala shahidi, wala hakusema kwamba ni mkopo, au ni zawadi, au ni ushirika. Duka halikutimiza miaka miwili. Na mwanawe mkubwa, alipoona mwenziwe amepewa, alinuna. Baba akataka kumridhisha, akamwambia barazani mbele ya majirani wawili, "Mwanangu, usisikitike. Nyumba hii ni yako." Kisha akaingia ndani akalala katika nyumba ile ile, na mwisho wa mwezi akapokea kodi ya vyumba vile vile.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha kwa kulishwa na binti yake mdogo. Na alipofariki, kabla ya siku tatu za matanga kwisha, mwana mkubwa aliwaambia dada zake wapange mahali pa kumpeleka mama yao, kwa kuwa nyumba ni yake. Wakaenda kwa Kadhi.

Kadhi alimwuliza yule mwana, "Je, marehemu alitoka katika nyumba hii akakukabidhi?"

Akajibu, "La, Sheikh. Alikaa humo hata akafa."

"Na kodi ya vyumba akiipokea nani?"

"Yeye mwenyewe, Sheikh."

Kadhi akasema, "Mashahidi wako wamesema kweli, na baba yako alisema aliyoyasema. Lakini hiba haimilikiwi ila kwa kukabidhiwa, na wewe hukukabidhiwa. Wakitaka warithi wenzio kukukabidhi sasa, hiari ni yao. Wasipotaka, nyumba ni tarika ya marehemu, nanyi nyote mna mafungu ndani yake."

Wenziwe hawakutaka, na nani angewalaumu, hali mama yao amekwisha kuambiwa atoke? Nyumba ikauzwa, kwa sababu hapana katika wao aliyeweza kuyanunua mafungu ya wenzake, na mjane akatoka katika nyumba aliyolelea watoto watano. Dhulma haikutoka kwa Kadhi, wala haikutoka katika sharia. Ilitoka katika ulimi wa mzee aliyempenda kila mmoja wa wanawe kwa zamu yake, asiandike neno.

Ndugu msomaji, hukumu aliyoitoa Kadhi huyo si ngeni. Sayyidna Abu Bakr, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa amempa binti yake Bibi Aisha tende za wasaki 20 kutoka katika mali yake ya Al-Ghaba. Mauti yalipomkaribia alimjulisha kwamba lau angalikuwa amekwisha kuzivuna na kuzitwaa zingalikuwa zake, lakini siku ile zimekuwa mali ya warithi, wazigawe kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Basi ikiwa Khalifa wa kwanza hakuona njia ya kumpa binti yake kipenzi kitu kilichotamkwa kisikabidhiwe, nani leo atakayeipata njia hiyo kwa maneno ya barazani?

Na kukabidhi nyumba, kwa madhihabi ya Imamu Shafii, ni mwenye kutoa kumwachia mpewa nyumba ile, na kuondoa vyombo vyake ndani yake. Mwenye kusema "nimempa" naye yungali akikaa humo na kula kodi yake, ameahidi, hajatoa. Na mwenye kutoa katika maradhi ya mauti, hata akikabidhi, zawadi yake huhesabiwa kama wasia, na hukumu zake ni hukumu za wasia.

Kisha mzazi atazame uadilifu baina ya watoto. Bashir, baba yake Nuuman, alitaka kumpa mwanawe huyu zawadi peke yake, akaenda kumshuhudiza Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume akamwuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu kuwa hakuwapa, alikataa kuwa shahidi, akamwamuru amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa sunna katika zawadi ya uhai ni kuwasawazisha wote, mwanamume na mwanamke, kwa kiasi kimoja. Na kumpendelea mmoja pasi na haja ni karaha. Wengi wa pwani hudhani kwamba hata zawadi ya uhai hugawanywa kwa mafungu ya mirathi; na wengine hawawakumbuki binti kabisa, kwa hoja ya kuwa wameolewa. Hoja hiyo haina asili. Yule mzee alilishwa na nani mwisho wa umri wake, ila na binti aliyeolewa?

Na binti huyo alipomwambia Kadhi kwamba amemlisha baba yake miaka mitatu, na kutaka ahesabiwe, aliambiwa kwamba alichokitoa kwa wema si deni juu ya tarika, na kwamba ujira wake uko kwa Mola wake. Hivyo ndivyo sharia ilivyo. Nafaka ya mzazi aliye fakiri ni wajibu juu ya mtoto awezaye, wala haigeuki kuwa deni kwa kupita siku, ila ikiwa kwa amri ya Kadhi.

Lakini haifai mtu ajifanye fakiri kwa mkono wake, kisha awatwike watoto mzigo ambao yeye mwenyewe alikuwa na mali ya kuuchukua. Kaab bin Malik, katika wale watatu waliobaki nyuma ya vita vya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, alipokubaliwa toba yake alitaka kuitoa mali yake yote sadaka kwa furaha. Mtume akamwamuru azuie baadhi ya mali yake, kwa kuwa hilo ni kheri kwake. Naye akazuia fungu lake la Khaibar. Ikiwa sadaka ya kumtaka radhi Mwenyezi Mungu imewekewa mpaka, duka la kijana asiyepata kuuza hata kibiriti litakosaje mpaka?

Basi mtu akikaribia kustaafu, jambo la kwanza ni kujua pato lake litatoka wapi mwezi hata mwezi. Nchini Kenya mtumishi wa Serikali hustaafu akiwa na miaka 60 tangu mwaka 2009. Kabla ya hapo ilikuwa 55. Mwenye miaka 60 aweza kuishi miaka 20 mingine, na fedha ya siku moja haiwezi kulisha miaka 20 isipopangwa. Unguja na Pemba, tangu mwaka 2016, Serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 70 posho ya kila mwezi. Ni msaada mwema, lakini ni mdogo, nao wamngoja mtu miaka mingi baada ya kuacha kazi. Kwa hivyo mwenye hiari baina ya kupokea yote kwa mara moja na kupokea sehemu kila mwezi, asifanye haraka kuchagua rundo. Rundo huonwa na kila jicho, na kila jicho lina haja yake. Fungu dogo la kila mwezi halina watu wa kuliotea.

Aulize pia aina ya mkataba anaotiwa sahihi. Kuna mikataba ambayo mtu humpa mali yake yote mwenye bima, naye amlipe kila mwezi maadamu yu hai, na akifa mapema mali hubaki kwa mwenye bima. Katika hiyo wanavyuoni wengi wameona gharari na riba. Na kuna mifuko ambayo mali hubaki kuwa ya mwenyewe, akachukua kidogo kidogo, na kilichosalia siku ya kufa kwake ni cha warithi wake. Hizi mbili si sawa, na karani hatamwambia asiyeuliza.

Na shetani ana mlango mwepesi kwa mzee: kuiweka fedha benki, mtaji usiguswe, riba iingie kila mwisho wa mwaka. Mtu aliyeswali na kufunga umri wake mzima asiumalizie kwa kula kitu ambacho Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, amewatangazia vita wenye kukishikilia. Njia za halali zipo. Ipo nyumba ya kupangisha, na kodi yake ni pato safi. Lipo shamba la minazi. Upo ushirika wa mtaji, uitwao kiradhi, mtu mmoja atoe fedha na mwingine atoe kazi, faida wagawane kwa sehemu ijulikanayo, nusu kwa nusu au thuluthi kwa thuluthi mbili. Sharti yake ni kwamba mwenye mtaji asijiwekee kiasi maalumu, akasema, "Nipe shilingi 10,000 kila mwezi, upate usipate". Akisema hivyo umebatilika. Na hasara, ikiwa mfanya kazi hakufanya hiana wala uzembe, ni juu ya mwenye mtaji. Kwa hiyo mzee asitie katika kiradhi fedha ya chakula chake. Atie ile ambayo ikipotea atakula. Na tangu mwaka 2008 yamekuwako nchini Kenya mabenki yaliyosimamishwa kwa misingi ya sharia. Mwenye kuyaendea aulize muamala wenyewe, asitosheke na jina.

Hiyo ndiyo zama ya kwanza. Ama zama ya pili, mtu akisha kufa, mali yake hufuata daraja ambazo hazitanguliani. Kwanza hutolewa haki zilizofungamana na mali yenyewe, kama zaka isiyotolewa na kitu kilichowekwa rehani. Kisha gharama za kumzika, pasi na israfu. Na biriani ya matanga haimo katika hizo. Kisha madeni yote. Na katika madeni imo Hija ya faradhi kwa aliyeiweza akaichelewesha, na yamo mahari ya mke yasiyolipwa, ambayo wanaume wengi huyasahau kwa kuwa mke kwa haya yake hakuyadai. Kisha wasia, katika thuluthi ya kilichobaki. Kisha ndipo warithi.

Mfano wake ni huu. Mtu ameacha shilingi 3,000,000, na mke, na wana wawili wa kiume, na binti watatu. Maziko yalikuwa shilingi 40,000. Deni la dukani 200,000, na mahari ya mke yaliyobaki 60,000. Hubaki 2,700,000, na thuluthi yake ni 900,000. Huo ndio mpaka wa wasia. Naye aliusia 300,000 kwa madrasa ya mtaani. Hubaki 2,400,000, igawanywe mafungu manane: mke ana thumni, nayo ni 300,000, mbali na mahari yake, kila mwana mwanamume ana mafungu mawili, 600,000, na kila binti ana fungu moja, 300,000. Hesabu imetimia, hapana aliyeonewa, wala hapana aliyeombwa radhi.

Na mpaka wa thuluthi haukuwekwa na wanavyuoni kwa rai zao. Saad bin Abi Wakkas aliugua katika mwaka wa Hija ya kuaga, naye ana mali, wala hana mtoto wa kumrithi ila binti mmoja. Akamwuliza Mtume kama atoe thuluthi mbili ya mali yake, akamkataza. Akauliza nusu; akamkataza. Akauliza thuluthi, akamruhusu, na akamjulisha kwamba hata thuluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Na Mtume alibainisha pia kwamba mrithi hana wasia, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa kila mwenye haki haki yake. Basi hati iandikwayo, "Nyumba apewe mwanangu fulani, na binti wasipewe kitu," ni karatasi tu. Haipiti ila warithi wengine, wakiwa watu wazima wenye akili zao, wakiridhia baada ya kufa kwake. Na radhi inayopatikana kwa kumtisha dada au kumtia haya si radhi.

Hapa lipo jambo la zama hizi ambalo wengi hawalitambui. Mtu akiingia kazini huandika katika fomu jina la atakayepokea fedha zake akifa. Mara nyingi huandika jina la ndugu au la mke wa kwanza, kisha husahau miaka 30. Huoa tena, huzaa, na jina ni lile lile. Aliyeandikwa hufikiri kwamba amepewa milki. Huko Malaysia, nchi ya Mashafii, Baraza la Fatwa la taifa lilitoa hukumu mwaka 1973 kwamba aliyeandikwa katika mfuko wa akiba ya wafanya kazi ni mfano wa wasii: kazi yake ni kupokea na kuwafikishia warithi. Nayo ndiyo hukumu iliyo karibu na uadilifu, kwa kuwa akiba iliyokatwa katika mshahara wa mtu ni mali yake, na mali yake ni tarika. Basi mwenye kupokea kwa jina lake asile peke yake, hata kama sheria ya ofisi haimwulizi. Ataulizwa na asiyehitaji fomu. Na mwenye kuandika na aende akaitazame fomu yake kabla ya kustaafu, aandike jina la mwaminifu, na amwambie mbele ya mashahidi kwamba ni amana.

Ama mwenye kutaka kuacha kheri ya daima, mlango wa wakfu uko wazi, kama Sayyidna Umar alivyoiwakifu ardhi yake ya Khaibar, isiuzwe, wala isitolewe hiba, wala isirithiwe. Lakini mzee ajue mambo mawili kabla ya kutamka. La kwanza, kilichowakifiwa hakirudi. Akihitaji kesho hana njia. La pili, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhihabi ya Shafii, mtu hawezi kujiwakifia nafsi yake; basi asiiwakifu nyumba kwa sharti ya kula kodi yake maadamu yu hai. Alicho na haja nacho akizuie, na alichoshiba nacho akiwakifu.

Yule mzee wa bandarini angaliweza kufanya nini? Angaliweza kuzuia fedha zake akapata pato la kila mwezi. Angaliweza kuandika kwamba mtaji wa duka ni kiradhi, kwa kiasi kidogo, mbele ya mashahidi. Angaliweza kumlipa mkewe mahari yake, na akamwongeza zawadi ya fedha mkononi mwake, akiwa mzima wa afya, ili siku ya mirathi awe na la kushika. Na ile nyumba angaliiacha kama alivyoiacha Mwenyezi Mungu, asimwahidi mtu. Lau angalifanya hayo, huenda mjane angaliweza kununua mafungu ya wanawe na kukaa kwake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amebainisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Hakusema mgonjwa, wala hakusema mzee. Basi kila mwanamume mwenye kusoma waraka huu, kabla ya Ijumaa ijayo, na atwae karatasi aandike: anawiwa na nani na kiasi gani, anamdai nani, mahari ya mkewe yamebaki mangapi, zaka na Hija hali yake ni ipi, nyumba ni yake na ardhi ni ya nani, minazi yake iko wapi na mpaka wake ni upi, fedha ziko mahali gani, na jina gani limeandikwa, alichompa kila mtoto, ni zawadi, au ni mkopo, au ni amana, na wasii wake ni nani. Ashuhudize watu wawili waadilifu, amwonyeshe mwanachuoni, kisha awaite watoto wake, wa kiume na wa kike, na mama yao akiwapo, awasomee. Maneno hayo mzee akiyasema mwenyewe yatasikizwa kwa adabu. Akiyaacha yasemwe baada yake, yatasemwa kwa sauti ya juu mbele ya Kadhi.

Roho ya Muumini hufungika kwa deni lake hata lilipwe. Mwenyezi Mungu awawezeshe Waislamu kulipa madeni yao wangali hai, awape wazee wao pato la halali na mwisho mwema, awasalimishe wajane na dhulma, na awaunganishe ndugu baada ya wazazi wao. Amin.